Kuyapima Maji ya Bomba: Mwongozo kwa Mkazi wa Nyarutarama

Katika mitaa ya Kigali ambayo watu huitaja wanapotaka kutoa mfano wa maisha ya raha, Nyarutarama haikosi kutajwa: majumba yake makubwa yamepakana na uwanja wa gofu, barabara zake ni za lami na safi, na nyuma ya kuta zake, juu ya minara ya chuma au ya zege, yamesimama matangi ya maji ya plastiki, meusi, yenye ujazo wa maelfu ya lita. Tangi hilo ndilo kiini cha mwongozo huu, ingawa kichwa chake kinataja bomba; kwani mkazi wa mtaa huu, afunguapo koki ya jikoni ili ajaze birika la chai, aghalabu hapati maji yaliyomfikia leo kutoka kiwandani, bali maji yaliyolala tangini mwake siku mbili, tatu au zaidi, na kiwanda hakiwezi kuyadhamini maji ambayo hakina tena mamlaka nayo.

Nia yetu ni kumwonyesha msomaji namna ya kuyapima maji yake kwa utaratibu, hatua kwa hatua, akianza na vipimo rahisi anavyoweza kuvifanya mwenyewe uani na kumalizia na vile vinavyohitaji maabara, ili mwisho wa kazi asibaki na karatasi yenye tarakimu tu mkononi, bali awe ameyajua mambo mawili kwa yakini: maji yake yana nini, na ikiwa yana kasoro, kasoro hiyo imeingilia wapi.

Maji yatokako

Maji ya Kigali husambazwa na WASAC, shirika la maji na usafi lililoundwa mwaka 2014 baada ya EWSA, ambayo ilikuwa imeyakusanya mambo ya umeme na ya maji chini ya uongozi mmoja, kugawanywa sehemu mbili. Viwanda vinavyoulisha mji ni kadhaa, na kila kimoja kina chanzo chake: Kimisagara huchota maji ya mto Yanze, Nzove huchota katika bonde la Nyabarongo, Karenge, upande wa mashariki, huchota katika ziwa Mugesera, na Kanzenze, kilichozinduliwa mwaka 2021 kikiwa na uwezo wa kutoa lita milioni 40 kwa siku, hutegemea visima vilivyochimbwa kando ya Nyabarongo huko Bugesera, na sehemu kubwa ya maji yake hupandishwa Kigali. Nyabarongo, kwa kila aliyewahi kuuvuka akielekea Muhanga au Bugesera, ni mto wa rangi ya udongo mwekundu, kwa sababu hubeba mmomonyoko wa vilima vilivyolimwa na wa machimbo ya madini ya huko juu. Na katika mvua kubwa za Machi hadi Mei, msimu ambao Wanyarwanda huuita Itumba, tope hilo huzidi hata kazi ya kulitenga ikawa nzito. Kwa hiyo mpimaji katika mji huu ana maswali matatu: la kwanza ni la tope, la pili ni la chuma na manganizi, madini ambayo maji ya ardhini katika mabonde ya namna hiyo huelekea kuyabeba, na la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni la yale yanayoyapata maji njiani baada ya kutoka kiwandani yakiwa safi.

Njia hiyo ina mitihani mingi. Kigali ni mji wa vilima, na maji hayapandi kilima ila kwa kusukumwa. Mgao unapoingia, au pampu inaposimama, mabomba ya juu hubaki matupu, na bomba tupu lenye ufa hufyonza unyevu wa udongo unaolizunguka, udongo ambao, katika mji ambao nyumba nyingi zingali zikimwaga majitaka yao katika mashimo ya uani, hauwezi kudhaniwa kuwa tohara. Mkazi anayefunga pampu ya umeme moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, ili ayavute maji kabla hayajamfikia jirani, huizidisha hatari hiyo maradufu, kwa kuwa pampu haichagui: maji yakiwapo huyavuta, na yakikosekana huvuta chochote kilicho karibu. Kisha maji yafikapo uani hupandishwa tangini, na humo hukutana na joto la jua, vumbi, mashapo ya miaka, mijusi na mende, na pengine maji ya mvua yaliyoteremshwa kutoka paani na kuchanganywa nayo bila ya mwenye nyumba kuwaza matokeo yake.

Weupe si dhamana

Hapana budi tuiondoe kwanza dhana iliyozoeleka, kwamba maji maangavu ndiyo maji salama. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869 kikaangamiza maelfu ya watu, msiba ambao daktari James Christie, aliyekuwa akiishi kisiwani, aliuandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1876, wenyeji walikuwa wakinywa maji ya visima waliyoyaona kuwa mazuri. Na katika utawala wake, uliodumu tangu 1870 hadi 1888, Sayyid Barghash, sultani wa kisiwa hicho, aliuletea mji maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje, na hayo yakahesabiwa miongoni mwa mema yake makubwa. Karibu zaidi na sisi, mnamo Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda waliofurika Goma walichota maji ya ziwa Kivu, ziwa lenye rangi ya buluu inayopendeza macho, na kipindupindu pamoja na kuhara damu vikawaua makumi ya maelfu ya watu katika muda wa wiki chache. Viini vya maradhi havina rangi, na risasi iliyoyeyuka majini haina harufu wala ladha.

Fauka ya hayo, madhara ya maji hayako katika daraja moja. Vijidudu hudhuru kwa saa na siku, na watoto wachanga ndio huwa wa kwanza kuumia. Madini, kama risasi, aseniki na floridi, hudhuru kwa miezi na miaka. Mwenye fedha ya kipimo kimoja tu na apime vijidudu. Mwenye fedha ya vipimo viwili na aongeze risasi.

Hatua ya kwanza: kutazama kwa makini

Chukua gilasi nyeupe isiyo na nakshi, ijaze maji ya bomba, uishike mbele ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga wa mchana. Maji yakiwa meupe kama maziwa, kisha weupe huo ukaondoka kuanzia chini kupanda juu, hiyo ni hewa tu na haina dhara. Yakiwa na wekundu unaopungua baada ya dakika chache za kuyaachia yatiririke, ni mashapo au kutu iliyotikiswa mabombani, jambo la kawaida maji yanaporudi baada ya mgao; yasitiwe tangini wala chunguni hadi yatakate. Vipande vyeusi vilivyo laini mara nyingi ni dalili ya manganizi. Harufu ya yai viza hutokana na mashapo yaliyooza mahali pasipo hewa, na mahali hapo kwa kawaida ni chini ya tangi. Harufu kama ya bwawa la kuogelea ni ya klorini, nayo si kasoro, bali ni ishara kwamba mlinzi yungali kazini.

Jaza pia chupa ya kioo, uifunge, uiache mezani usiku kucha na mchana wake. Maji yaliyokuwa maangavu yakigeuka manjano na kuacha vumbi la kahawia chini, yana chuma iliyokuwa imeyeyuka, ambayo hewa imeifanya ijitenge. Jua kwamba jicho la mtu huanza kuliona tope linapofika kipimo cha NTU 4 hivi, ilhali Shirika la Afya Duniani lapenda maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutiwa klorini, kwani chembe za udongo huvificha vijidudu dawa isivifikie. Kwa hiyo ukungu ukionekana kwa macho, tayari kiwango hicho kimepitwa mbali.

Kisha panda ngazi, au mpandishe fundi bomba mwaminifu, mkatazame tangi lenyewe. Mfuniko unafunga sawasawa, au umewekwa tu na kushikizwa kwa jiwe? Bomba la kumwagia maji yanayozidi lina wavu, au ni tundu wazi la mjusi kuingilia? Tia ufito mkavu na safi hadi chini, uutoe, utazame tope limefika wapi. Tangi ambalo mpangaji wala mwenye nyumba hakumbuki lilioshwa lini halihitaji maabara kulihukumu.

Hatua ya pili: klorini mahali patatu

Hiki ndicho kipimo tunachokisisitiza kuliko vyote, kwa sababu ni rahisi, majibu yake hupatikana papo hapo, na ndicho kinachobainisha taksiri iko kwa nani. Klorini hutiwa kiwandani si kwa ajili ya kuua vijidudu vilivyomo tu, bali ili baki yake iandamane na maji njiani na kuviua vitakavyoingia baadaye. Ikipungua ghafla mahali fulani, kuna kitu mahali hapo kimeitumia.

Nunua kifaa cha vidonge vya DPD, ambacho huuzwa kwa wenye mabwawa ya kuogelea, na hao hawakosekani Nyarutarama. Lakini hakikisha kwamba kadi yake ya rangi inaanzia miligramu 0.1 kwa lita, kwa sababu kadi nyingine zimetengenezwa kwa mabwawa tu na hazionyeshi viwango vidogo vya maji ya kunywa. Usinunue kile cha matone yanayogeuza maji kuwa manjano, kwa kuwa hicho hupima klorini yote kwa jumla, pamoja na ile iliyokwisha kufungamana na uchafu na kupoteza nguvu zake, ilhali unayoitaka ni ile iliyo huru.

Acha maji yatiririke dakika mbili. Suuza kijaribio mara mbili kwa maji hayo hayo, kijaze hadi alama ya mililita 10, kisha udondoshe kidonge moja kwa moja kutoka kwenye karatasi yake bila ya kukigusa kwa kidole. Kiponde, kifunike, kitikise, na ulinganishe rangi kabla dakika haijapita, ukiwa kivulini wala si juani. Waridi hafifu ni kiasi cha 0.2, waridi iliyokolea yakaribia 1 na kuendelea. Rangi ikitokea mara moja kisha ikatoweka, usidhani klorini haipo: huenda imezidi mno hata ikaifuta rangi yenyewe.

Fanya hivyo mahali patatu. Pa kwanza ni koki iliyo karibu na mita, kabla maji hayajafika tangini. Na ikiwa hakuna koki hapo, mwite fundi akuwekee, kwani bila ya hiyo huna mizani ya kuwapimia wenzio wala nafsi yako. Pa pili ni bomba litokalo tangini. Pa tatu ni jikoni. Kiwango kinachotakiwa mahali maji yanapomfikia mtumiaji ni angalau miligramu 0.2 kwa lita, na 0.5 ni kizuri zaidi. Basi ukipata 0.4 kwenye mita na sifuri tangini, usimlaumu mtu wa WASAC: tangi ni chafu, au maji yamekaa humo muda mrefu mno, au ya mvua yamechanganyika nayo. Ukipata sifuri kwenye mita yenyewe, siku ambayo maji yametiririka vizuri kwa saa kadhaa, hapo una hoja ya kuipelekea WASAC, na taarifa yako itakuwa na mahali, saa na kipimo, mambo ambayo mlalamikaji wa kawaida hana. Ukipata klorini tangini na ukaikosa jikoni, tazama kama kuna chujio la makaa chini ya sinki, kwani makaa huinyonya klorini yote. Na maji yanayolala ndani ya chujio hilo bila klorini huweza kuwa makazi ya vijidudu endapo kichujio hakibadilishwi kwa wakati wake.

Rudia kipimo hiki nyakati mbili zinazotofautiana: siku maji yaliporudi baada ya mgao, na mwisho wa mgao tangi linapokaribia kukauka. Tofauti ya namba hizo itakufundisha mengi kuliko kipimo kimoja kilichofanywa siku nzuri.

Hatua ya tatu: vijidudu

Maabara haivitafuti vijidudu vyote vya maradhi kimoja kimoja, kwani kazi hiyo haina mwisho. Hutafuta bakteria aitwaye E. coli, ambaye makazi yake ni matumbo ya watu na wanyama, na kuonekana kwake majini ni ushahidi kwamba kinyesi kimeyafikia maji. Kiwango kinachokubaliwa ni kimoja tu: asionekane hata mmoja katika mililita 100.

Maabara za RSB, Shirika la Viwango la Rwanda, zipo Kicukiro, mwendo mfupi kutoka Nyarutarama kwa gari au kwa pikipiki. Wasiliana nao kabla, uulize siku wanazopokea sampuli za vijidudu, na uombe chupa yao wenyewe. Ukiiona ina chembe nyeupe au tone chini, usiisuuze: hiyo ni dawa ya kuizima klorini, iliyowekwa ili isiendelee kuua vijidudu safarini na kukupatia jibu la uongo la kukufurahisha.

Siku ya kuchota, nawa mikono kwa sabuni. Ondoa mpira au wavu uliopachikwa mdomoni mwa koki, kwani mara nyingi uchafu hukaa hapo. Sugua mdomo huo kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, na kama koki ni ya chuma waweza kuupitisha moto wa kiberiti cha gesi. Acha maji yatiririke dakika mbili au tatu bila ya kuugeuza mkono wa koki. Fungua chupa, ushike kifuniko kikiwa kimeelekea chini wala usikiweke mezani, ujaze hadi ibaki nafasi ya hewa kidogo, ufunge. Andika juu yake mahali, tarehe na saa. Itie katika kasha lenye barafu, lakini isigandishwe, na ifike maabara ndani ya saa sita. Zikipita 24, sampuli hiyo haina tena thamani. Chota mbili kwa siku moja, moja kwenye mita na nyingine jikoni, kwa sababu ile ile tuliyoieleza katika klorini.

Asiyeweza kufika maabara anacho kipimo cha chupa ya salfaidi, kilichobuniwa na wataalamu wa India mwaka 1982: maji hutiwa katika kichupa chenye dawa, na yakigeuka meusi baada ya siku moja hadi tatu, ni dalili ya uchafu wa kinyesi. Ni kipimo cha ishara, si cha hesabu, na kina sharti moja ambalo mkazi wa Kigali asilisahau: chahitaji joto la mchana wa pwani, ilhali usiku wa mji huu ulio katika mwinuko wa mita 1,500 na zaidi ni wa baridi, na kichupa kilichoachwa dirishani chaweza kuchelewa kubadilika hata mtu akadhani amesalimika. Kikae mahali penye joto la kiasi cha nyuzi 30, usiku na mchana. Kadhalika, yafaa ijulikane kwamba kukosekana kwa E. coli hakuthibitishi kukosekana kwa kila kiini. Vipo vimelea, kama kriptosporidiamu, vinavyoistahimili klorini ambayo humuua E. coli mara moja.

Hatua ya nne: madini

Katika mlango huu risasi ndiyo ya kwanza, nayo haitoki mtoni wala kiwandani aghalabu, bali ndani ya nyumba: katika koki za shaba nyeupe zisizo na ubora, katika maungio ya zamani yaliyochomelewa, na katika baadhi ya mabomba ya plastiki hafifu. Wakazi wa mji wa Flint, Marekani, walidhurika kuanzia mwaka 2014 kwa sababu mji ulibadili chanzo cha maji bila ya kutia dawa ya kuzuia ulaji wa mabomba, na risasi iliyokuwa imetulia mabombani ikaanza kuyeyuka. Kwa kuwa risasi huyeyuka maji yanapolala, namna ya kuichota sampuli yake ni kinyume cha ile ya vijidudu: usiku koki zote zisiguswe kwa muda wa saa sita au zaidi, na asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, chota lita ya kwanza kabisa itokayo jikoni, kisha acha maji yatiririke dakika tano, uchote lita ya pili. Ya kwanza ikiwa na risasi na ya pili ikawa safi, lawama ni ya koki au bomba la ndani, na dawa yake ni kuibadili koki hiyo.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya kukumbuka ni hivi: risasi isizidi miligramu 0.01 kwa lita, aseniki 0.01, floridi 1.5, na naitreti 50. Naitreti ni alama ya mbolea na mashimo ya majitaka, na hatari yake kubwa ni kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Floridi ikizidi, meno ya watoto hugeuka kahawia, kama inavyoonekana kwa watu waliokulia pande za Arusha na Nakuru, ambako miamba ya volkano huitia majini. Chuma ikizidi miligramu 0.3 huchafua nguo na kubadili ladha, lakini haitishi afya. Manganizi ipewe uzito zaidi penye watoto wadogo.

Hadhari na wauza machujio

Atakujia mtu nadhifu mwenye mkoba, akiomba gilasi mbili: moja ya maji yako ya bomba, nyingine ya maji yaliyopita katika mtambo anaouuza. Atatumbukiza vijiti vya chuma vilivyounganishwa na umeme, na baada ya dakika moja maji yako yatageuka tope la kahawia lenye povu, ya kwake yakibaki maangavu. Usihamaki. Tope hilo ni chuma ya vijiti vyake mwenyewe, iliyomegwa na umeme. Umeme ulipita katika maji yako kwa sababu yana chumvichumvi za kawaida zinazofaa mwili, na haukupita katika ya kwake kwa kuwa zimeondolewa. Mtilie chumvi kidogo ya mezani katika gilasi yake, arudie: yatachafuka vile vile.

Mwingine ataleta kalamu yenye kioo cha namba, ipimayo jumla ya chumvi zilizoyeyuka, akakwambia kwamba 150 ni sumu na 10 ni afya. Kalamu hiyo haimwoni E. coli, haiioni risasi kwa viwango vinavyodhuru, na maji ya shimo la choo yaliyozimuliwa kwa mvua yaweza kupata alama nzuri kuliko ya chemchemi.

Kukisoma cheti

Cheti kikija, tazama kwanza kama kimetaja kiwango cha kulinganishia, ambacho kwa maji ya kunywa katika nchi zetu ni EAS 12, kiwango cha Afrika Mashariki. Pili, soma kwa makini alama ya udogo: ikiandikwa kwamba risasi ni chini ya 0.05, hujapata habari yoyote, kwa sababu chombo kilichotumika hakioni chini ya hapo, na kikomo cha usalama ni 0.01; uliza mapema, kabla hujalipa, chombo chao huona hadi wapi. Tatu, maneno kwamba sampuli imeletwa na mteja yana maana kwamba maabara imekithibitisha kilichomo chupani, si namna ulivyochota. Jibu baya moja lirudiwe kabla ya kuzua fitina; jibu baya mara mbili ni hukumu.

Baada ya majibu

Ikiwa kasoro ni ya tangi, lifunge, limwage, lisuguliwe kuta na sakafu, mashapo yatolewe yote. Kisha lijazwe maji na dawa ya klorini ya asilimia 5, isiyo na manukato, kwa kadiri ya lita 1 kwa kila lita 1,000, liachwe siku nzima huku kila koki ya nyumba imefunguliwa kidogo hadi harufu ifike, halafu limwagwe tena na lisuuzwe hadi kidonge cha DPD kionyeshe 0.5 au chini yake. Asiingie mtu tangini peke yake, wala asimwagie dawa hiyo akiwa ndani. Tia wavu kwenye bomba la kumwagia, yatenge maji ya mvua katika tangi lake la bustani na choo, na uweke valvu ya kuyazuia maji yasirudi mtaani.

Wakati ukingoja, chemsha. Katika mwinuko wa Kigali maji huchemka karibu na nyuzi 95, si 100, na wapo wanaohofu kwamba hayatoshi. Hofu hiyo haina msingi, kwani viini vya maradhi hufa chini ya hapo, na maji yaliyotokota sawasawa kwa dakika moja yametosha. Lakini kuchemsha hakuiondoi risasi, floridi wala naitreti. Huzizidisha kidogo kwa kuwa mvuke hupotea nazo zikabaki. Kwa hizo, badili koki au badili chanzo.

Ikiwa kasoro ni ya mtaani, ipelekee WASAC kwa maandishi, ukiambatisha cheti na vipimo vya klorini vya siku kadhaa. Na usiposikilizwa, mamlaka inayosimamia huduma hizo ni RURA. Waulize na majirani wa mudugudu wako, kwani nyumba tatu zenye kasoro moja kwenye mita zao ni ushahidi ambao hakuna ofisi inayoweza kuupuuza.

Ratiba ya mwaka si nzito: klorini kila mwezi, vijidudu mara mbili, yaani mvua za Itumba zinapokolea na tena mwisho wa kiangazi, madini mara moja unapohamia nyumba na kila unapobadili mabomba. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, ukisharudi umuganda, usiliache tangi lako hadi mwezi ujao: panda, fungua mfuniko, tazama ndani.